Dua ya Fizikia

Mpaka leo nikisikia harufu ya ubani na pilau vikitoka nyumba moja, nageuza njia. Wenzangu hukumbuka maulidi na harusi. Mimi nakumbuka Fizikia.

Msinicheke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili hapa Bagamoyo, na shule ilitutaka tuchague masomo ya kuendelea nayo. Katika ratiba yetu Kiarabu na Fizikia viliwekwa saa ile ile, kwa hiyo ukishika kimoja umeaga kingine hadi mtihani wa kidato cha nne. Mimi Kiarabu kilikuwa kimenikaa rohoni. Nilikianza chuo cha Kurani kwa kukariri kama kasuku, hadi siku moja maneno yakaanza kunifungukia maana, nikawa napita njiani nacheka peke yangu. Fizikia nilifaulu pia, kwa bahati mbaya.

Nilimweleza Mama jikoni. Akasema, "Niachie, nitazungumza na shangazi yako." Baba alikuwa amefariki, na mwenye kauli katika ukoo alikuwa dada yake, Shangazi Mwanaidi wa Mapinga, mwanamke mwenye roho nzuri na sauti ya kunadi samaki.

Lakini Shangazi alikuwa ameshayaona matokeo yangu. Ijumaa ile nilirudi kutoka shule nikakuta majamvi yametandikwa, majirani wameketi, ubani unafuka, naye yuko mlangoni. "Karibuni, karibuni, tunamsomea dua daktari wetu!"

Kabla sijamaliza shikamoo zangu nikakalishwa katikati, nimefunikwa kanga mpya. Mwalimu wangu wa chuoni akasoma, watu wakaitikia amina. Ukimtoa yeye, pengine ni mimi tu mle ndani niliyeelewa anachoomba: Mola amzidishie elimu, amkunjulie kifua chake. Basi. Hapakuwa na Fizikia wala udaktari. Nilitaka kusimama niwaambie. Lakini sahani zilikuwa zimeshaanza kupita, na bi mkubwa wa nyumba ya pili ameshaninyooshea mguu wake uliovimba niuangalie. Nikamtazama Mama. Akainamia sufuria.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu nikachagua Fizikia. Kidato cha tatu na cha nne nilichora sumaku na nyaya, huku wenzangu chumba cha pili wakisoma Kiarabu kwa sauti, maana ukuta haukufika paani. Wakikosea, nawasahihisha moyoni. Nililia sana siku zile, nasema kweli.

Udaktari wenyewe sikuufikia. Mama nilimwekea kinyongo hadi nami nikawa na watoto, ndipo nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa anachagua mchele.

"Na mimi nilisomewa dua, mwanangu, nilipoposwa. Hakuna aliyeniuliza. Nilikalishwa vilevile, watu wakala, wakafurahi." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyopendwa."

Miaka yote ile niliamini Mama aliniona nimefungiwa, akapita. Kumbe naye alikuwa humo humo.