Baiskeli ya Kumgombezea Mume

Baiskeli yangu ya kwanza ya safari ndefu niliichagua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa nyekundu kama nyanya iliyoiva, nami nilikuwa nimefika umri ambao mtu akikununulia nguo, ni ya kijivu au ya kahawia.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari karibu na Ikonge. Watoto wetu wamekwishahama nyumbani, na kwa kuwa sisi ni Wasabato, Jumapili yangu haina mwenyewe. Kila Jumapili kikundi cha waendesha baiskeli kilikuwa kikipita mbele ya lango letu, wamevaa kofia ngumu na kaptura za kubana, nami nikiwa nimeshika jembe ninawatazama mpaka wanapotelea kwenye kona. Siku moja nikamwambia mume wangu kwamba ninataka baiskeli, ili niende kumwona mama yangu, ng'ambo ya Keroka.

"Kwani simu yake haiingii?" akauliza.

Mume wangu ni mkulima wa chai na ni mtu wa starehe. Kiti chake cha barazani kina mito mingi kuliko kitanda chetu. Hakunizuia, lakini alinitazama jinsi anavyomtazama ng'ombe anayejaribu kuruka ua.

Nikaenda mjini Kisii, kwenye duka la bwana mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake umefanya biashara pale tangu enzi za babu. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya zilining'inia kwenye dari lake kama mikungu ya ndizi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata mimi ninayekifundisha nikaanza kuyapima maneno yangu. Aliishusha ile nyekundu, akainyanyua kwa kidole kimoja.

"Hii, mwalimu, ilikuwa inakungoja wewe."

"Inastarehesha? Ninataka kwenda mbali."

"Wallahi, mama, ukiipanda hii hutaisikia barabara."

Hakusema uongo. Ijumaa baada ya masomo niliiendesha hadi mji wa Nyamira na kurudi, na tangu nikiwa njiani sikuisikia barabara kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Usukani ulikuwa chini na mbali, ikanibidi nijinyooshe juu ya fremu kama shuka iliyoanikwa. Shingo iliuma. Viganja viliuma. Na paliuma pia mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili anapajua kwa majina mengi na hatataja hata moja.

Kesho yake kanisani sikuweza kukaa. Nilijaribu benchi, nikainuka kama niliyekalia kaa la moto, nikaenda kusimama nyuma karibu na mlango. Mzee wa kanisa aliponiona nimesimama wima mahubiri yote, alifurahi, akadhani nimejitolea kuwapokea wageni. Akanipa kazi hiyo moja kwa moja. Ninayo mpaka leo.

Mume wangu alicheka toka kanisani hadi nyumbani. Kisha, jua lilipotua na Sabato ikaisha, akaniambia niipande ile baiskeli pale uani aone. Akanizunguka, mikono nyuma.

"Unajua unafanana na nini? Mtu aliyeangusha sindano anaitafuta barabarani."

"Ndivyo baiskeli za mbio zinavyoendeshwa."

"Kwani unashindana na nani? Mama yako anakimbia?" Akanigusa chini ya shingo. "Mimi nimeinamia chai tangu utoto. Mgongo unaolia ninaujua. Huu unalia."

Siku ya Jumapili tukairudisha, sote wawili. Mwenye duka kwanza alitetea rangi ya baiskeli, kisha wepesi wake, kisha akasema labda sijaizoea. Mume wangu akamwomba kwa heshima zote apande yeye mwenyewe, atuonyeshe jinsi inavyozoeleka. Mwenye duka akakohoa. Akapanga funguo zake. Kutoka nyuma ya pazia tukasikia mkewe akicheka.

"Huyo? Tangu aanguke utotoni hajapanda baiskeli! Anaziuza tu!"

Basi sote tukacheka, naye akacheka kuliko wote, na baada ya hapo hakukuwa na ugumu. Akakubali tubadilishe. Akashusha baiskeli moja baada ya nyingine, mume wangu akaketi kwenye ngazi ya duka la jirani, akaweka masharti.

"Pita hapa mbele yangu, na ukipita unigombeze."

"Nikugombeze kwa lipi?"

"Lolote. Huna uhaba. Ukiweza kunigombeza kutoka hapa mpaka juu ya kilima bila kuhema, hiyo ndiyo yako."

Kwenye ya kwanza nilifika "Wewe baba nanihii" pumzi ikaniishia. Ya pili ilinikalisha wima kama niko kwenye meza ya chakula, nikamgombeza vizuri sana, ila baiskeli yenyewe haikutaka kupanda mlima. Nikawa ninamgombeza mahali pamoja. Hapo mume wangu akainuka kutoa ushauri. Alikuwa amebonyeza viti vyote kwa kidole gumba, akapata kimoja laini kama mkate, akaapa kwamba siri yote iko pale. Tukakifunga kwenye ya tatu. Kabla sijamaliza mtaa kilikuwa kimezama, kimenibana na kuniunguza pande zote mbili. Niliposhuka nilimgombeza bila kupanda chochote.

Iliyonifaa ilikuwa ya mwisho, na rangi yake ilikuwa ya maji ya kuoshea vyombo. Usukani wake ulipinda kama wa ile nyekundu, lakini ulikuwa juu zaidi na karibu, viwiko vikakunjika bila kulazimishwa. Matairi yalikuwa mapana kidogo, yakayapita mashimo bila kuniletea habari zake. Ilikuwa na gia ndogo ndogo za milima yetu. Kiti kilikuwa kigumu na kipana, kikanishika panapostahili kushikwa na kuniacha kwingine kote.

Nikaanza kumgombeza kwa lango linaloachwa wazi. Nikaingia kwenye ng'ombe aliyekula sukuma wiki yangu kwa sababu ya lango hilo. Nikageuza juu ya kilima, nikarudi na habari za shemeji aliyeazima pampu ya dawa ya nyanya na kuhamia nayo Sotik. Watu walitoka madukani kusikiliza. Nilipofika kwenye ngazi nilikuwa bado sijamgusia mama mkwe.

"Ni hiyo," mume wangu akamwambia mwenye duka. "Mfungie hiyo kabla hajaendelea."

"Lakini mwalimu," mwenye duka akasema kwa huruma, "rangi..."

Nilikuwa ninaiona. Niliitazama ile nyekundu ikipandishwa tena darini, na sitasema kwamba moyo haukuniuma.

Nilifanya mazoezi wiki kadhaa, kisha Jumapili moja asubuhi nikaondoka. Nilipita Nyamira kabla maduka hayajafunguka, nikashika milima taratibu, chai kushoto na kulia, nikishuka mabondeni nikiimba. Pale Keroka, katikati ya malori, makanga mmoja akanipigia kelele kutoka mlangoni mwa matatu, "Mathe, umetoroka nani?" Nikampungia mkono. Nilikuwa na pumzi ya kumjibu, ila sikutaka kupoteza jibu zuri kwa mgeni.

Mama yangu alikuwa nje akipukuchua mahindi. Aliponiona ninaingia na baiskeli, ungo ukamponyoka.

"Nani amekufa?" akauliza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani.

"Hakuna, mama."

"Amekufukuza?"

"Hapana. Nimekuja kukuona tu."

Akanitazama kofia, akanitazama magoti. Alipoamini kwamba hakuna msiba wala talaka, alinikumbatia na jasho langu lote, akanishika muda mrefu. Kisha akaizunguka baiskeli kama anayenunua mbuzi.

"Karia iko wapi?"

"Haina karia, mama."

"Sasa ndizi zangu utazibeba na nini?"

Nilimweleza kuhusu uzito na safari ndefu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaenda shambani akakata mkungu mkubwa kuliko wote. Baada ya chakula akamwita jirani mwenye pikipiki, akaketisha mkungu nyuma kama abiria na kumwagiza aniongoze hadi kwetu, asinipoteze.

Ndivyo nilivyorudi Ikonge. Mkungu wa ndizi ulitangulia kwa pikipiki, mimi nikaufuata nikikanyaga pedali, na kila kilima jirani alisimama juu akaningoja, akipiga honi kunitia moyo.