Kimya cha Haboba

Harufu ya samaki wakavu haikumtoka haboba, bibi yangu, hata Jumapili. Alijisugua kwa sabuni na kuvaa kitenge chake kizuri, lakini watoto wenzangu katika kanisa letu la mabati pale kambi ya Mangateen walijua bila kugeuka kwamba mama yake baba, muuza samaki wa soko la Custom, ameshaingia. Niliona haya. Nilijivuna pia, kwa sababu haboba alikuwa na kitu ambacho kambi nzima ilimwonea wivu. Wenzake walisali kwa kulia na kupaza sauti mpaka tukaziba masikio. Yeye alikaa tu, mikono mapajani, macho ameyafumba, kimya. Wanawake walimjia awafundishe.

Kiangazi kile nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu, mtu mpole aliyerudi kutoka Uganda kama sisi, alitutaka tusafishe akili, tufukuze kila wazo mpaka abaki Mungu peke yake. "Nyinyi angalia ile haboba," alisema. "Yeye iko na roho safi." Nilijaribu. Nilifumba macho nikawaza chapati, nikawaza mpira, nikamuwaza baba. Kilichonitatiza ni kwamba haboba mwenyewe hakupokea komunyo. Wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki benchini.

Siku moja, tukipanga samaki sokoni, nikamuuliza anasikia nini anaponyamaza vile.

"Mimi nasikia ile kijana ya jirani naita kwa mlango," alisema. "'Mama, fungua.' Mimi najua sauti yake. Mimi nafungua."

Baba aliuawa nyumbani, mchana kweupe, kabla hatujakimbilia kambini. Nilijua kwamba kijana yule, aliyezoea kula kwetu, ndiye aliyewaleta wenye bunduki. Lakini mimi niliambiwa walivunja mlango.

"Watu nasema mimi naomba," akaendelea, mikono yake bado ikipanga samaki. "Mimi nangoja tu ile sauti nyamaze. Hapana nyamaza. Na ile kijana, mimi nachukia yeye mpaka leo. Sasa roho kama hii, mimi napeleka kwa Mungu namna gani?"

Nilipokea komunyo yangu ya kwanza nikimwombea haboba jambo moja tu, atulie ndani kama alivyotulia nje. Niliendelea kuomba hivyo hata nilipokwenda kusoma Kenya.

Siku hizi tumetoka kambini, tunaishi mtaa wa Lemon Gaba, nami nafanya kazi hotelini. Haboba amezeeka na anasahau mengi. Jumapili iliyopita aliinuka mwenyewe, akaenda mbele, akapokea, akarudi na uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Watu walinipa mkono wa pongezi. Tulipofika nyumbani nilimuuliza kama bado anaisikia ile sauti. Akaniuliza sauti gani. Nikamtajia baba kwa jina lake, na haboba akataka kujua, kwa upole kabisa, huyo ni mtoto wa nani. Nilimkasirikia, nikatoka nje ili asinione. Utulivu niliomwombea tangu utotoni ameupata, na sasa baba amebaki kwangu peke yangu.