Pikipiki Tuliyoikata Mkia

Baba yangu alikuwa afisa wa mifugo katika milima ya Taita, na kazi yake aliifanya juu ya pikipiki ya serikali. Ilikuwa nyembamba, ya Kijapani, tangi jekundu, injini ya zile za zamani ambazo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kujazwa. Moshi wake wa buluu uliganda kwenye koti la baba hata likifuliwa. Sauti yake niliitambua ikiwa bado kona za chini, kavu na ya harakaharaka, kama bisi zinazoruka ndani ya sufuria iliyofunikwa, nami nikakimbia kufungua lango. Serikali iliichukua kabla sijaingia sekondari, na kwa miaka mingi sikuiwaza tena.

Nyingine ya aina hiyohiyo niliikuta Muaither, huku Qatar. Mimi ni muuguzi, nawatembelea wagonjwa majumbani, na dereva aliyekuwa akinizungusha wakati huo alikuwa mtu wa Unguja, rika la kaka yangu mkubwa, aliyekuwa fundi wa pikipiki kwao kabla ya kuja Doha. Siku hiyo nilitoka kumfunga mzee mmoja kidonda chake nikamkuta dereva nyuma ya nyumba, kando ya zizi la mbuzi, ameinua ncha ya turubai.

"Dada, hebu njoo utazame," akasema. "Vitu hivi siku hizi havionekani."

Matairi yalikuwa yameoza na tangi halikuwa na rangi ya kutajika. Lakini ile injini ndogo yenye mapezi niliijua pale pale, na kiti kirefu cha watu wawili kilikuwa bado kipo, kimepasuka kwa jua. Mtoto wa mgonjwa alituambia baba yake aliiendesha jangwani ujanani. Tukiichukua, alisema, tutakuwa tumemsaidia kupata nafasi ya mbuzi.

Tukaipeleka kwangu Al Wukair, chini ya paa la kuegeshea gari. Tuliifanyia kazi Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, na dereva akaondoka mapema awahi msikitini. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Tuliiloweka kwa dizeli na oili mpaka siku moja ikasogea kidogo, na dereva akashusha pumzi kama aliyepewa habari ya mgonjwa kuamka. Kabureta nilisafisha mimi, kwa waya mwembamba na subira. Oili ya kuchanganya na petroli nilipima kwa bomba la sindano, na mume wangu, akituletea chai, akauliza kama mgonjwa ana bima.

Sikutaka kuirudisha ilivyokuwa. Hilo nilikuwa nimeliamua tangu mwanzo. Kwenye simu nilikuwa nimejaza picha za pikipiki kuukuu zilizofupishwa nyuma, usukani umeshushwa, kiti cha mtu mmoja kimechongwa kama jani. Nilitaka yangu iwe hivyo. Tangi nililipaka rangi ya karaki, ile chai ya maziwa ya hapa, na nilipenda hata harufu ya msasa uliolowa. Baba sikumwambia lolote. Nilitaka siku moja nimpigie aione tu, aisikie ikinguruma.

Ijumaa ya kukata fremu, dereva alichora mstari kwa chaki kisha akasimama.

"Hutamchukua mtu?" akaniuliza.

"Nimchukue nani? Mume wangu anaogopa hata baiskeli."

"Basi." Akavaa miwani, akawasha mashine ya kukatia. Cheche ziliruka mpaka ukutani. Kile kipande cha nyuma, pamoja na kiti kirefu, nilikibeba mwenyewe mpaka kwenye pipa kubwa la taka pembeni mwa mtaa, na nilirudi nikipiga mluzi.

Iliwaka siku ya baridi ya Januari. Dereva alipiga kiki mara kadhaa, ikakohoa, halafu ikashika. Moshi wa buluu ukajaa chini ya paa, nami nikawa nimesimama pale kama mtoto, nangoja lango la kufungua. Haina namba ya barabarani, kwa hiyo niliiendesha kwenye mchanga nyuma ya nyumba zetu, ambako bado hakujajengwa. Siku hiyo hiyo nikampigia baba kwa video.

Alikuwa amekaa kibarazani kwake Wundanyi, ameshika simu karibu mno, naona paji la uso tu. Nilivuta mafuta, nikamwacha asikilize.

"Hiyo ni ya kwangu," akasema.

"Si yako, baba. Ni ndugu yake."

Akacheka, akaniambia nivute tena. Kisha akaniomba niizungushie simu aione vizuri. Nilianza mbele, taa, usukani, tangi, nikafika nyuma.

"Kiti kiko wapi?"

"Ndicho hicho, baba. Nimekifupisha. Siku hizi ndivyo wanavyotengeneza."

"Mama yako alikaa hapo nyuma," akasema. "Siku uchungu wako ulipomshika. Gari hakuna, mvua imekata barabara ya juu. Nilimfunga na kanga kiunoni mwangu asianguke, tukateremka polepole mpaka hospitali ya misheni. Njia nzima alikuwa akinigonga mgongoni. Kila jiwe, ngumi moja."

Nilikuwa nimezima injini. Mama alikuwa amefariki muda mrefu, na habari hiyo sikuwahi kuisikia, hata kutoka kwake.

"Hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza, mama." Hakukuwa na lawama sautini mwake. Akaitazama tena ile picha. "Ni nzuri. Ni pikipiki ya mtu mmoja."

Kesho yake nilikwenda kwenye lile pipa nikijua fika kwamba limeshamwagwa mara nyingi. Nilichungulia hata hivyo. Kisha nikaagiza kipande cha fremu kutoka ng'ambo, na kiti kirefu, na nikamwambia dereva tutaunga upya. Alikubali bila kuniuliza sababu, lakini kabla mzigo haujafika mkataba wake ukaisha, naye akarudi Unguja. Tuliagana kazini, harakaharaka, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kazi ya kuchomelea ikafanywa na mtu mwingine kwenye mitaa ya gereji. Ilishika imara, ila fremu ilipinda kidogo. Ukisimama nyuma unaona kiti kinaelekea kushoto na gurudumu linakwenda njia yake.

Mwaka uliofuata baba alikuja kututembelea. Nilimpokea uwanjani na nikaona amepungua mwili, lakini alikuwa mchangamfu, akayastaajabia mabarabara. Nyumbani nilimpeleka moja kwa moja chini ya paa la gari. Niliipiga kiki, ikawaka, naye akafumba macho akasikiliza. Nikamsaidia kupanda. Alikaa mbele, mikono kwenye usukani, na kwa muda mfupi akawa yule mtu wa koti la moshi.

Nikaketi nyuma yake. "Baba," nikasema, "nihadithie tena ile siku ya mama. Siku ya kwenda hospitali."

"Hospitali gani?"

"Siku niliyozaliwa. Ulivyomfunga na kanga."

Akageuza kichwa, akanitazama kwa upole, kama mtu anayesahihisha mtoto wa jirani. "Mama yako hakupanda pikipiki hata siku moja. Aliiogopa. Alikwenda na gari la posta."

Mwanzoni nilidhani anatania. Baadaye, katika zile wiki alizokaa nasi, nilimsikia akimwita mume wangu kwa jina la mjomba, na akiuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nikafahamu. Muuguzi mimi, niliyewaona wazee wangapi wakianza kusahau hivyo, wa kwangu sikumwona kwenye simu, kwa kuwa kwenye simu tulikuwa tukisalimiana tu na kuulizana hali ya hewa.

Shangazi naye hakumbuki. Anasema huenda ilikuwa pikipiki, huenda gari. Yeye alikuwa bado shule Mombasa. Kwa hiyo sijui nilifikaje hospitali. Najua kwamba siku ile baba alipokuwa na habari hiyo mdomoni, nzima, na ngumi zake zote, mimi nilimwambia nitampigia baadaye, simu inaisha chaji, na nikaenda kuiendesha mchangani mpaka petroli ikaisha.