Tatu Chini ya Kikombe

Niseme mapema, nisije nikatafuta wa kumsingizia: mchezo ule niliutunga mimi, na sheria zake ngumu nilizitunga mimi.

Nilikuwa mwalimu, mwaka wa pili kazini, katika kijiji kipya kwenye bonde la Malolo, miaka ile watu walipokuwa wakishushwa kutoka milimani kuja kukaa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Jumapili, ibada ikiisha, vijana tuliotumwa kazi pale hatukuwa na la kufanya. Nilikuwa na dadu moja iliyobaki kwenye ludo niliyoinunua Kilosa mjini. Ubao wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Nikapasua mfuko mtupu wa saruji, na upande wa ndani nikachora nchi isiyokuwepo. Mito yake ilipanda milima badala ya kushuka, watu wake walikuwa na vivuli viwili viwili, na mfalme wake hakuwahi kulala tangu azaliwe. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake katika nchi hiyo. Yeye alisema mtu wake anafanya nini, mimi nilisema kinachompata. Jambo likiweza kwenda huku au kule, tulirusha dadu.

Dadu ilitikiswa ndani ya kikombe cha bati, kikombe kikafudikizwa juu ya dawati la darasani, na wa kuchungulia alikuwa mtambaji peke yake, yaani mimi. Nilichotamka ndicho kilichokuwa. Niliona hadithi inanoga zaidi watu wakisubiri mdomo wa mtu kuliko wakihesabu vidoti. Wenzangu walikubali kwa sababu walinijua: mtu mkavu, mbishi, asiyeomba hata chumvi kwa jirani. Na sheria nyingine ilikuwa hii, kwamba aliyeshindwa husimulia mwenyewe kushindwa kwake.

Wachezaji walikuwa watatu. Mwalimu wa darasa la kwanza, tuliyemwita Dada, alikuwa mwindaji. Bwana Shamba alikuwa mchawi, ingawa uchawi wake wote aliumalizia kwenye mihogo; tulimtania kwamba hata akipewa mabawa atauliza kwanza nafasi kati ya shina na shina. Wa tatu alikuwa Katibu wa tawi la chama, kijana wa rika langu, mpole kuliko cheo chake. Yeye alikuwa askari wa mfalme.

Jumapili ninayoisimulia, asubuhi nje ya kanisa, niliambiwa kwamba kesho yake lori lingetoka Mikumi kuwafuata waliorudi milimani kwa siri. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alishushwa pamoja na wengine, akakaa wiki tatu bila kulalamika, kisha akabeba jembe na kuku wake akapanda tena. Kule juu kulikuwa na kaburi la mama yangu na makaburi ya wazee wa ukoo wetu, na aliyeyapalilia alikuwa yeye tu. Safari hii nyumba ingebomolewa ili asiwe na pa kurudi, na wa kuongoza kazi hiyo alikuwa Katibu. Nilijua pia kwamba angeweza kuiandikia wilaya sentensi moja, kwamba mama huyu ni mgonjwa, aachwe hadi mavuno, na hakuna mkubwa ambaye angepanda mlima ule kuhakikisha.

Kwa nini sikumwomba? Kwa sababu wiki mbili kabla, katika mkutano wa kijiji, nilisimama nikahubiri juu ya upendeleo. Nilisema anayembeba ndugu yake anamkanyaga mwenzake. Nilipigiwa makofi, na nilikuwa bado nimelewa makofi yale.

Nikaamua kupitia mlango wa nyuma. Katika ramani yangu, juu ya mlima, nikaweka nyumba ya mama mzee anayetunza makaburi. Nikamfanya mfalme atoe amri mpya: watu wote washuke wakae mbele ya macho yake, kwa kuwa halali na anataka kuwaona. Niliona Katibu atakapofika mlangoni pa yule mama kwa miguu ya askari wake, moyo utalainika, na kesho yake utakuwa bado laini. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu wote.

Lakini kabla hawajafika mlimani, mwindaji wa Dada alianguka mtoni. Dada alirusha, nikachungulia. Moja. Alikuwa amemlea mwindaji yule tangu masika.

"Mtambaji, mpe hata tawi la kushika," aliniomba.

"Kikombe hakimjui mtu," nikasema.

Akasimulia mwenyewe jinsi mwindaji alivyozama, sauti ikimkatika, mashavu yamelowa. Sikuona haya. Nilijiona hakimu.

Askari akafika mlangoni.

"Huyu mama ana nani?" Katibu aliuliza.

"Ana mjukuu."

"Yuko wapi?"

"Chini, mjini kwa mfalme."

Bwana Shamba aliacha kutafuna muwa. Katibu alinitazama, akasema polepole, "Mfalme wako huyu, Mtambaji, amefanana na mtu?"

Kwa maneno ya kuipinga operesheni ile ya kuhamishia watu vijijini mwalimu angeweza kupoteza kazi, na mimi nilikuwa nimeyachora kwenye mfuko wa saruji mbele ya katibu wa chama.

"Hajafanana na mtu. Ni hadithi."

"Haya. Askari wangu habomoi. Anarudi kumwambia mfalme kwamba njia imekatwa na mto."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikasema, kwa mazoea ya kazi yangu, "Kumdanganya mfalme asiyelala si mchezo. Inataka nne au zaidi."

Hapo ningeweza kusema inataka mbili tu. Ningeweza kusema hakuna haja ya kurusha. Alitikisa kikombe muda mrefu kuliko kawaida yake, akakifudikiza. Niliinua ukingo nikachungulia. Vidoti vitatu vilikuwa vimelala mshazari.

"Ngapi?" aliuliza Katibu.

Nikachungulia tena, kana kwamba vingeongezeka.

"Tazama vizuri, Mtambaji," akasema. "Humu ndani mwanga hafifu."

Ilikuwa saa tisa mchana, dirisha wazi, jua limejaa juu ya dawati. Sote wanne tulijua hivyo. Alikuwa ananipa nafasi. Naapa alikuwa ananiomba: sema nne, mwenzangu, niwe na pa kuanzia. Na upande wa pili alikuwa Dada, hajafuta mashavu yake, ananitazama aone kama mkuki ni mtamu kwa nguruwe tu na kwa binadamu ni mchungu. Nilimwogopa Dada. Niliyaogopa yale makofi. Bibi yangu alikuwa mbali, hakuwa akinitazama.

"Nimeona vizuri," nikasema kwa sauti yangu ya mkutanoni. "Tatu."

Katibu aliangalia mikono yake, kisha akaanza kusimulia, kama sheria ilivyotaka. Mfalme amegundua uongo, askari amerudishwa mlimani. Anamwamkia mama shikamoo. Anatoa kuku kwanza, anawafunga miguu bila kuwaumiza. Anatoa chungu, jembe, na kinu. Anang'oa mlango polepole usipasuke, maana mlango mzima unaweza kutumika mahali pengine. Ndipo anaanza ukuta. Hakusimulia kama mtu anayecheza. Alipomaliza aliinuka, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka.

Usiku ule ningeweza kumfuata, nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwangu. Sikumfuata. Nilijiambia nimekuwa mtu wa haki, nikalala na haki yangu.

Jumatatu nilikuwa nafundisha jiografia lori lilipopita. Niliendelea na mito ya Tanzania. Jioni lilirudi, nikaenda kupokea mizigo ya bibi: kuku watatu, chungu, jembe, kinu, na mlango ambao haukuwa na ufa hata mmoja. Katibu alikuwa amesimama nyuma ya lori. Tulisalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Hakuja tena kucheza, nami sikuwaita tena wale wawili.

Bibi alikaa kwangu. Alipika, alilima kipande chetu cha shamba la pamoja, na juu ya mlima hakusema chochote. Nilianza kuamini kwamba amezoea. Siku moja, wiki kama tatu hivi baadaye, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua maharage, akasema kwa Kisagara, bila kuinua macho:

"Yule kijana wa chama ana adabu. Aliniamkia kwanza."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikamwambia, bomoa nami nikiwa ndani, mnizike hapa hapa na binti yangu. Wenzake wakataka kunibeba. Akawazuia. Akachuchumaa, akaniambia, 'Bibi, jana nilimuuliza mjukuu wako, nikamuuliza tena. Amesema ushuke.' Basi nikainuka mwenyewe."

Nilitaka kumweleza habari za dadu, za mfalme asiyelala, za vidoti vitatu. Nilifungua mdomo, nikaona hakuna namna ya kuyasema maneno hayo mbele ya mtu mzima.

"Ulisema?" akauliza.

"Nilisema, bibi."

Akapuliza makapi kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Basi ungepanda mlima kuniambia mwenyewe."