Honorata na Karatasi ya Hisa

Siku hiyo Honorata alishikwa na kicheko tangu asubuhi, kicheko kisicho na breki. Amekausha dagaa ufukweni Bangwe tangu usichana wake. Sasa kampuni inayowanunulia dagaa imewapa waanikaji karatasi: kila mmoja ana haki ya kununua hisa kwa bei ya zamani, mwisho Ijumaa. Na bei mpya imeshapaa! Ukitaka, unalipia hisa zako. Hutaki, unamuuzia mwingine hiyo haki, yote au kipande.

Shida ilikuwa mbalamwezi. Usiku ziwa jeupe pe, dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi imelala mchangani. Mitumbwi ikilala, mifuko ya Bangwe nzima inakauka. Na Ijumaa yenyewe imeangukia hapohapo, jamani!

Castory, mwenye duka la nyavu Ujiji, akaja na noti mkononi. "Shangazi, niuzie haki yako yote. Hisa utazila?"

Honorata akazitazama zile noti, mate yakamjaa. Mabati mapya ya paa lake hayo! Lakini moyo ukagoma. Miaka yote bei ya dagaa inapangwa na watu wasiojua hata harufu yake, yeye anatajiwa tu. Alitaka, lo, alitaka sana, na yeye awe mwenye neno.

Akaizunguka chanja yake ya kuanikia dagaa, anajisemea peke yake, mara akapiga kofi. "Castory we! Nakuuzia nusu. Hela yako ndiyo inalipia nusu yangu!"

Castory akahesabu noti huku akicheka. Honorata akadandia bodaboda kwenda kulipia ofisi ya kampuni, vigelegele njia nzima, watu wakadhani anawahi harusi.

Mbalamwezi ilipoisha na giza kurudi, dagaa wakaja kwa fujo. Leodgar, mnunuzi wa kampuni, akasimama mbele ya chanja na kutaja bei. Honorata akaikataa.

"Mama, we sasa ni mwenye kampuni," Leodgar akamwambia kwa upole. "Ukipandisha bei, unajipunguzia faida mwenyewe."

Honorata akapiga hesabu. Kweli bwana! Akakaa mchangani, akacheka mpaka machozi, wenzake wakaacha kazi kumtazama. Kisha akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Mwenye kampuni amekubali kupungukiwa. Pandisha, na wenzangu wote uwape hiyohiyo."

"Mama, hilo mpaka nimpigie bosi."

"Mpigie," akasema Honorata, mkono ameshaunyoosha. "Halafu nipe simu niongee na huyo mfanyakazi wangu."