Sambaza Zilizopanda Bila Dola

Katika kitivo chetu cha uchumi hapa Bukavu, kutabiri kesho tumewaachia wachungaji. Sisi tunatabiri jana, na bado tunakosea. Mimi nilijitolea kuthibitisha kwa kompyuta kwamba dola ikipanda, sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, nazo zinapanda.

Mbinu yenyewe inatisha kwa jina tu. Unapanga bei za samaki wiki baada ya wiki, pembeni unapanga bei ya dola, kisha unatafuta ipi ilitangulia. Dola niliulizia kwa wabadilisha fedha. Sambaza nilizipatia mezani kwetu: kila Jumamosi maman alirudi kutoka soko la Nyawera, akamtajia papa bei, papa akaguna na kutoa pesa, nami nikaandika. Niende sokoni mwenyewe, na viatu vyangu vyeupe, kwenye tope lile? Katika kazi yangu niliuita huo uchunguzi wa moja kwa moja.

Papa, mhasibu wa parokia, alikataa kunilipia karo tangu nilipoukimbia udaktari.

"Siwezi lipia mutu anasoma bei," alisema. "Bei tunazijua."

Maman akanituliza: tonton, kaka yake anayechimba dhahabu Shabunda, atatuma. Na kweli, kila mwanzo wa muhula karo ililipwa. Nilimwombea tonton yule kila Jumapili, kwa bidii.

Siku ya kutetea kazi, wazazi walikaa mstari wa mbele. Nikaonyesha mchoro wangu ukutani. Professeur mmoja akanyoosha kidole.

"Hapa dola imetulia, lakini sambaza zinaruka. Hapa tena. Kila mwanzo wa muhula. Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeutazama mchoro ule miezi mingi bila kuuona. Ile miruko yote ilikuwa karo yangu, iliyoongezwa kwenye bei aliyotajiwa papa. Tonton hakuwahi kutuma hata punje ya dhahabu. Nikamtazama maman: ameinama, anavuta uzi wa kitenge chake. Nikisema ukweli, jury itanipongeza na nyumbani kutawaka moto.

"Ni msimu, professeur."

"Msimu gani?"

"Wa samaki."

Wakacheka sana. Shahada walinipa, distinction wakaninyima, na mmoja akanishauri niende siku moja kuliangalia ziwa, kwani linaonekana hata dirishani. Niliumia, lakini maman alikuwa ameinua kichwa.

Nyumbani mdogo wangu wa kike alitupakulia ugali na sambaza. Papa alikula, akanawa mikono.

"Maman, mutoto amemaliza masomo. Sasa sambaza zitashuka?"

Maman alitazama sahani yake.

"Zitashuka, papa."

Papa alimwangalia binti yake aliyekuwa akikusanya vyombo.

"Hapana, ziache kwanza," akasema. "Huyu naye anaingia université mwaka inakuya."