Nilivyomwambia Maalim Hajui Kukanyaga

Tangu wiki jana napita mbele ya msikiti wetu nimeinamisha kichwa. Mimi ni fundi wa baiskeli karibu na soko la mifugo hapa Garissa, na niliyemkosea ni Maalim Yusuf, mzee aliyenifundisha Kurani.

Nilimfungia cheni mpya asubuhi. Adhuhuri akarudi anaisukuma baiskeli.

"Nikikanyaga kwa nguvu, cheni inaruka."

Nikaipindua, nikazungusha pedali kwa mkono. Cheni ikazunguka bila hata mlio. Wallahi, sikuangalia kitu kingine. Nikasema kwa sauti, wauza mbuzi wote wakisikia: "Baiskeli ni nzima, Maalim. Ni wewe hujui kukanyaga."

Nikaipanda mwenyewe nimwonyeshe. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Cheni ikaruka, kraa! Nikaanguka na baiskeli katikati ya mbuzi.

Pale chini, macho yangu yalikutana na friwili, lile gurudumu dogo la nyuma linaloshika cheni. Meno yalikuwa yameliwa, yamechongoka kama miiba, hayawezi kushika cheni mpya mtu akikanyaga kwa nguvu.

Maalim hakucheka. Aliinama, akanipa mkono.

"Pole, fundi," akasema. "Kumbe hata wewe hujui kukanyaga."